Taa Inasema Simama, Askari Anasema Nenda

Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA) na kwa Mkuu wa Idara ya Trafiki, Nairobi

Waheshimiwa,

Kila mwaka barabara za Kenya huua zaidi ya watu 4,000, na kundi kubwa kuliko yote miongoni mwao ni la waendao kwa miguu. Baada ya kila ajali kubwa tunasikia sababu zilezile zikitajwa: mwendo wa kasi, ulevi, breki mbovu, na kisha lile fungu la maneno linalofunga mjadala, makosa ya kibinadamu. Barua hii inahusu fungu hilo la mwisho, na hasa kosa moja lililo ndani yake, ambalo limetapakaa mno na bado linaadhibiwa kidogo kuliko mengi yaliyo mepesi kwake: dereva ambaye gari lake linakwenda mbele ilhali macho yake yamezama kwenye simu.

Simtetei dereva huyo. Ila nimesafiri vya kutosha katika jiji hili, mara nyingi nikiwa kwenye kiti cha mbele cha matatu na mara nyingine nikiendesha mwenyewe, kiasi cha kuwaambia jambo hili bila kusita. Simu haikumkuta dereva akiwa makini ikampokonya macho yake. Ilimkuta ameshayaondoa barabarani. Ameyaondoa kwa sababu vile anavyopaswa kuvitazama, yaani taa, vibao, michoro ya lami na mkono wa askari, vinapingana mbele yake kutwa kucha, na mtu haendelei kukikodolea macho kitu alichokwisha kugundua kwamba hakimwambii kweli.

Hebu tuanze na Uhuru Highway, jioni ya siku yoyote ya kazi. Simameni pale barabara hiyo inapokutana na Haile Selassie, au Kenyatta Avenue, au University Way. Taa zipo na zinawaka. Kijani inawaka, na askari aliyesimama katikati ameinua kiganja: msije. Nyekundu inawaka, na askari yuleyule anapunga mkono kwa haraka: njooni, njooni, fuateni. Anayejifunza kuendesha amefundishwa darasani kwamba nyekundu ni simama, akaulizwa swali hilo kwenye mtihani wa NTSA, akalijibu sawasawa, akapewa leseni. Siku ya kwanza anapofika mjini, akisimama kwenye nyekundu wakati askari anamwita, anapigiwa honi na nchi nzima iliyo nyuma yake. Akifuata kijani wakati askari amemzuia, ni mkosaji.

Najua sheria inampa askari mamlaka juu ya taa, na ni sheria njema. Umeme unaweza kukatika, ambulensi inaweza kuwa inapita, lori linaweza kuwa limepinduka katikati ya makutano. Hapo lazima awepo binadamu mwenye uwezo wa kuamua. Lakini mamlaka hayo yaliwekwa kwa ajili ya dharura, nasi tumeyafanya kuwa utaratibu wa kila asubuhi na kila jioni, na gharama yake haiandikwi popote.

Mfikirie dereva aliye gari la kumi na tano nyuma ya makutano hayo. Taa anaiona, lakini taa haina neno kwake. Askari ndiye mwenye neno, lakini hamwoni, maana mbele yake kuna basi. Hajui kama atasubiri dakika mbili au kumi na mbili, kwa kuwa hakuna mzunguko wa saa unaohesabika. Kuna mtu mmoja tu anayekisia urefu wa foleni ya upande huu na wa upande ule. Kitu pekee kinachoweza kumwambia dereva huyu kwamba wakati umefika ni honi ya aliye nyuma yake. Kwa hiyo anachukua simu. Akilini mwake hajavunja kitu. Ameshapima hali akaona kwamba macho yake hayana kazi yoyote kwa sasa, na kwamba masikio yatatosha.

Kisha honi inalia. Simu inaangukia mapajani, mguu unakanyaga mafuta kabla macho hayajainuka. Katikati ya magari yaliyokuwa yamesimama kuna mchuuzi wa maji na njugu anayehesabu chenji, kuna mwanafunzi wa chuo anayevuka upesi kwa sababu naye amechoka kusubiri, kuna bodaboda anayepenya ubavuni. Hao ndio waendao kwa miguu na kwa magurudumu mawili ambao mnawahesabu mwisho wa mwaka.

Wala hatari haiishi simu inapowekwa chini. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, wakiongozwa na David Strayer, waliwapima madereva waliokuwa wakitoa amri za sauti kwa simu na kwa mitambo ya magari yao. Waligundua kwamba akili ya dereva inaweza kubaki imeshikwa na kile alichokuwa akifanya hadi sekunde 27 baada ya kumaliza. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, sekunde 27 ni mita 300. Mtu aliyekuwa akisoma ujumbe kwenye foleni ya University Way anaweza kuwa amekwisha kupita kivuko kizima cha watembeao kabla akili yake haijarudi ndani ya gari.

Hili linanileta kwenye kanuni yenyewe. Kanuni za Makosa Madogo ya Trafiki za mwaka 2016 zinamtoza faini dereva anayetumia simu gari likiwa mwendoni. Foleni ya Nairobi haimo humo. Dereva anayesoma WhatsApp huku amesimama katikati ya makutano, injini ikinguruma, ana haki ya kumwambia askari kwamba gari halikuwa linakwenda. Uingereza hawana mwanya huu: kushika simu ukiwa nyuma ya usukani ni kosa hata kama umesimama kwenye taa au kwenye foleni, na tangu Machi 2022 ni kosa hata kama hupigi simu bali unapekua picha au unachagua wimbo. Kwetu ambako magari husimama muda mrefu kuliko yanavyokwenda, mwanya huu ni mpana mno.

Faini ya simu kwetu ni shilingi 2,000. Naomba muitazame ikiwa imepangwa pamoja na nyingine zilizomo katika kanuni hizohizo. Kuacha gari likazuia njia ni shilingi 10,000. Kuendesha juu ya njia ya watembeao ni 5,000. Gari lisilokuwa na hati ya ukaguzi, pale inapohitajika, ni 10,000. Kuzidisha mwendo kwa kilomita kati ya 16 na 20 kwa saa ni 10,000.

Sasa wachukueni madereva wawili kwenye barabara ya Nairobi kwenda Nakuru. Sheria inasema ndani ya mji au kituo cha biashara mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Wa kwanza anaingia kituoni kwa 68. Kibao cha 50 kilikuwepo zamani, kikang'olewa kuuzwa kama chuma chakavu. Barabara yenyewe haimwambii lolote, maana mji umekua ukaifuata lami bila mtu kuweka alama ya unapoanzia. Anapigwa tochi ya kupimia mwendo na kutozwa 10,000. Wa pili anapita hapohapo kwa 50 kamili, akiandika ujumbe. Katika sekunde tano za kuandika amekwenda karibu mita 70 bila macho, katikati ya wauza viazi na watoto wa shule. Askari akibahatika kumwona, ni 2,000. Wa kwanza ni hatari na simwombei msamaha. Lakini kwa kipimo chenu wenyewe wa pili ana hatia ya thamani ya sehemu moja kwa tano ya mwenzake, na wakaguzi wa ajali hawawezi kulitetea hilo.

Kuna sababu ya mpangilio huo kuwa hivi, nayo ni kwamba tunaadhibu kinachoonekana kwa urahisi. Mwendo unapimwa na mashine. Hati zimebandikwa kwenye kioo cha mbele. Gari lililozuia njia halikimbii. Simu inahitaji askari atazame ndani ya gari linalopita, na askari wetu wengi tunawakuta kwenye vizuizi vya mahali palepale, ambapo kila dereva anajua pa kuishusha simu. Zaidi ya hapo, madereva wa matatu hupigiana simu kuambiana kizuizi kiko wapi leo. Yaani msako wenyewe, kwa namna unavyofanywa, umekuwa sababu mojawapo ya simu kushikwa barabarani. Askari wachache wanaotembea kwa miguu kando ya foleni kwenye makutano ya Globe au Nyayo wangeona katika saa moja yale ambayo kizuizi hakiyaoni kwa mwezi.

Nakuja kwenye jambo linalonikera kuliko yote, kwa sababu hapa dereva siye mwenye kosa kubwa.

Kaeni kiti cha mbele cha matatu asubuhi. Dereva ana simu mbili. Ya kwanza ni ya mwenye gari, anayetaka kujua gari liko wapi na hesabu imefika ngapi. Ya pili ni ya stejini: wenzake wanamwambia upande upi una abiria, wapi pamefungwa, nani ametangulia. Akikosa kupokea ya mwenye gari mara tatu, kesho kuna dereva mwingine, na kijana mwenye leseni anayesubiri kazi hiyo yuko palepale. Basi anaishika kati ya sikio na bega, mkono mmoja ukiwa kwenye gia, huku abiria kumi na wanne nyuma yake wakitazama migongo ya viti. Faini ya 2,000 inamwangukia yeye. Aliyepiga simu hiyo, akijua fika kwamba anayempigia yuko barabarani na watu, hatozwi hata senti.

Teksi za programu za simu ni vivyo hivyo, na afadhali hata matatu. Simu imebandikwa kwenye dashibodi au kwenye usukani wa pikipiki, na kazi mpya inaingia na sekunde zake zinazohesabika kushuka. Dereva asipoigusa skrini kabla hazijaisha, kazi inakwenda kwa mwingine. Akizikosa nyingi, rekodi yake inaharibika. Kampuni zinazoendesha programu hizi mnazipa leseni ninyi. Mwaka 2022 serikali ilizitungia kanuni na ikaweka kikomo cha asilimia 18 kwa makato wanayomkata dereva, na madereva walikipigania kikomo hicho kwa haki kabisa. Kama dola ina nguvu ya kuingia ndani ya mfuko wa kampuni hizo na kusema chukueni kiasi hiki tu, basi ina nguvu ya kusema pia kwamba kazi mpya isimwangukie dereva kwenye skrini wakati magurudumu yanazunguka. Hakuna ugumu wa kiufundi hapa. Simu ileile inayomwonyesha mteja gari likisogea kwenye ramani inajua kwamba gari linasogea.

Mtaniambia wengi wao hutumia spika au vifaa vya masikioni, mikono iko huru. Mwaka 1997 Donald Redelmeier na Robert Tibshirani walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine uchunguzi wao wa madereva wa Toronto waliokuwa wamepata ajali na walikuwa na simu. Hatari ya kugongana ilikuwa karibu mara nne wakati simu ikitumika, na simu zisizoshikwa mkononi hazikuonyesha usalama wowote wa ziada. Shirika la Afya Duniani nalo limelisema jambo hilohilo. Kinachomponza dereva ni mazungumzo. Abiria aliye kando yako akiona lori linakuja hunyamaza. Aliye kwenye simu haoni kitu, anaendelea kuuliza hesabu.

Kwa hiyo ningetaka kanuni iwe rahisi kwa magari ya abiria: dereva aliyebeba watu hazungumzi kwenye simu, iwe mkononi, sikioni au kwenye spika. Konda yupo, na konda ana simu. Mwenye gari anayetaka hesabu ampigie konda.

Nasema hivi nikikumbuka Februari 2004. Wakenya waliokuwa watu wazima wakati ule hawajasahau siku kanuni za marehemu John Michuki, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, zilipoanza kutekelezwa. Matatu zilitakiwa kuwa na mikanda katika kila kiti, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, na dereva na konda wenye sare. Siku ya kwanza magari mengi hayakutoka kabisa na watu wakatembea kwenda kazini. Walinung'unika, kisha wakafunga mikanda. Tulifunga mikanda, nchi nzima, ndani ya matatu, jambo ambalo wengi walikuwa wameapa haliwezekani kwa Mwafrika wa Nairobi. Iliwezekana kwa sababu kanuni ilikuwa moja, ilianza siku moja, ilimgusa mwenye gari kabla ya kumgusa abiria, na waziri hakuwa na mkono mwingine unaosema kinyume. Ilianza kulegea pale mikanda ilipoachwa ichakae, ikawa michafu na mibovu, askari wakawa wanaikagua leo na kuipuuza kesho. Abiria akasoma ujumbe huo vizuri.

Mambo mengine nitayapitia upesi, si kwa udogo wake bali kwa kuwa mnayajua. Matuta yasiyopakwa rangi na yasiyo na kibao, yanayojengwa usiku mmoja baada ya mtoto kugongwa, yamemfundisha dereva wa masafa kutazama lami iliyo mita kumi mbele ya bonati badala ya kutazama mbali. Vivuko vya milia vilivyofutika vinamfanya anayevuka aamini ana haki ambayo dereva haioni. Kuna vibao viwili vya mwendo tofauti vilivyoachwa kwenye kipande kimoja cha barabara baada ya mkandarasi kuondoka. Na kuna mabango ya skrini, makubwa kama ghorofa, yaliyoelekezwa machoni pa madereva kwenye Mombasa Road na Waiyaki Way, yanayobadilisha picha kila baada ya sekunde chache usiku kucha. Yana leseni. Serikali ya kaunti hukusanya ada kutoka kwayo. Hatuwezi kumtoza mtu faini kwa kutazama skrini ya vidole vitano, kisha tukamuuzia mfanyabiashara macho ya mtu huyohuyo kwa skrini ya mita kumi, kwenye makutano ambako tunataka atazame watu.

Naomba basi mambo machache, na naomba yatendeke kwa mpangilio huu.

La kwanza ni makutano moja. Chagueni yoyote kwenye Uhuru Highway. Kwa miezi mitatu taa zitawale peke yake. Muda wa kila rangi upimwe kwa saa tofauti za siku, urekebishwe na wahandisi, utangazwe. Askari wawepo, tena wengi kuliko leo, lakini wasimame kando, kazi yao ikiwa kumkamata anayekaidi taa na anayeshika simu, na waingie katikati pale tu taa zinapozimika au ajali inapotokea. Hesabuni walioumia, hesabuni muda wa foleni, linganisheni na miezi mitatu ya kabla. Najua askari anayeongoza magari kwenye jua na moshi saa nane mfululizo hafanyi hivyo kwa kupenda, na sidhani atalilia nafasi hiyo.

La pili ni kanuni ya simu iandikwe upya. Iguse gari lililo barabarani injini ikiwaka, liwe linakwenda au limesimama. Faini yake ilingane angalau na ya kuzuia njia. Na katika magari ya abiria na ya kibiashara, mwenye gari, chama chake cha akiba na mikopo kinachosimamia njia hiyo, au kampuni ya programu, awe na sehemu yake ya adhabu pale rekodi za simu zinapoonyesha kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimwita dereva barabarani.

La tatu halihitaji sheria wala bajeti. Tangu 2016 kanuni ya simu imekuwa mikononi mwenu. Chapisheni ni madereva wangapi wametozwa faini hiyo kila mwaka, katika kaunti gani, na wangapi kati yao walikuwa wamebeba abiria. Pembeni yake wekeni idadi ya waliotozwa kwa kukosa hati ya ukaguzi. Katiba inawataka muwaite wananchi watoe maoni kabla ya kanuni mpya kupitishwa. Mwitapo mkutano huo, takwimu hizo ziwe zimeshatoka, ili sisi tutakaokuja tujue tunazungumzia nini.

Wenu katika matumaini ya kusikilizwa,

Mwandishi na abiria wa kila siku,
Nairobi